Kwa Nini Aliyepona TB Anaweza Kuugua Tena

Mtu aliyemaliza dozi ya TB, akapimwa makohozi na kuambiwa amepona, ana haki ya kuuliza: je, sasa nimepata kinga? Aliyeugua surua utotoni hana wasiwasi huo, anajua haitamrudia. Kwa TB mambo ni tofauti, tena kwa kiasi cha kushangaza. Mwaka 2005 Suzanne Verver na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakazi wa vitongoji viwili vya Cape Town, Afrika Kusini, ambako kifua kikuu kimeenea sana. Walichukua bakteria wa ugonjwa wa kwanza na wa ugonjwa wa pili wa mtu yule yule, wakalinganisha vinasaba ili wajue kama ni wale wa zamani walioamka au ni wageni walioingia upya. Wakakuta kwamba waliotibiwa wakapona waliugua kutokana na maambukizi mapya kwa kasi ya takribani mara nne ya kasi ya watu kuugua TB kwa mara ya kwanza katika vitongoji hivyo hivyo.

Wengi wakisikia hivyo hudhani mwili umesahau. Haujasahau. Kumbukumbu ya TB ni miongoni mwa kumbukumbu zenye nguvu zaidi ambazo mwili wa binadamu huzitunza, na inapimika kwa sindano na rula. Jambo linalotakiwa kueleweka ni lingine kabisa: kukumbuka na kulindwa ni mambo mawili, na bakteria anayekaa mwilini miaka na miaka ndiye anayeyatenganisha.

Kumbukumbu ya kinga imo katika chembe nyeupe za damu za aina mbili, seli B na seli T. Mwili ukivamiwa na kimelea kwa mara ya kwanza, seli chache zinazoweza kukitambua huzaliana hadi kufikia maelfu kwa maelfu. Kazi ikiisha nyingi hufa, na zinazobaki hukaa zikingoja. Seli B hutoa kingamwili, protini zinazozunguka kwenye damu na kukinasa kirusi cha surua kabla hakijaingia popote. Utaratibu huu unafaa sana kwa kimelea kinachokuja, kinachoshindwa na kinachoondoka. Lakini wapo bakteria wasioondoka kirahisi: wa ukoma, wa kaswende, wa homa ya matumbo ambaye kwa baadhi ya watu huhamia kwenye mfuko wa nyongo na kukaa humo. Huyu wa TB ndiye anayeua watu wengi kuliko wote hao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB na milioni 1.25 wakafa.

Bakteria huyu huingia na hewa. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, matone madogo mno hubaki yakielea ndani ya chumba, na mwingine akiyavuta hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu. Huko hukutwa na makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza vumbi na vimelea na kuvisaga. Makrofaji humeza bakteria wa TB kama kawaida yake, ila safari hii alichomeza hakisagiki. Bakteria huzuia kile kifuko alichomezewa kisijazwe asidi, na kwa msaada wa protini kama ile iitwayo ESAT-6 hutoboa utando wake. Seli iliyotakiwa kumuua inakuwa makazi yake, na humo kingamwili za kwenye damu hazimfikii.

Tena hana haraka. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata chakula na joto, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Wa TB huchukua karibu siku nzima. Kwa kuwa anaongezeka polepole na kwa kificho, mwili huchelewa kushtuka. Seli zinazobeba vipande vyake kuvipeleka kwenye tezi za limfu, ambako seli T hufundishwa, huchelewa kufika. Kwa panya wa maabara hupita kama wiki mbili kabla seli T hazijaamshwa, na hata kuelekea wiki tatu kabla hazijafika mapafuni kwa idadi ya maana. Kwa binadamu dalili za kumbukumbu huonekana kati ya wiki 2 na 8 baada ya kuambukizwa. Seli T zikifika, bakteria amekwisha tulia.

Kumbukumbu hiyo unaweza kuiona kwa macho. Katika kipimo cha ngozi cha TB, muuguzi husafisha upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, kisha huingiza sindano nyembamba ikiwa imelala karibu sambamba na ngozi, na kusukuma sehemu ya kumi ya mililita ya tuberkulini, yaani protini zilizosafishwa kutoka kwa bakteria wa TB. Ngozi huinuka kijivimbe kilichopauka, nacho baada ya muda mfupi hupotea. Kwa ambaye mwili wake haujawahi kukutana na bakteria huyu, habari imeishia hapo. Kwa aliyewahi kukutana naye, siku ya pili au ya tatu pale palipochomwa panavimba na kuwa pagumu. Msomaji wa kipimo haangalii wekundu. Hupapasa kwa ncha ya kidole hadi ahisi ugumu unapoanzia, huweka alama kwa kalamu, hupapasa upande wa pili, kisha hupima upana kwa rula. Milimita 10 au zaidi huhesabiwa chanya kwa watu wengi tunakoishi, na kwa anayeishi na VVU 5 zinatosha. Ugumu ule umetengenezwa na seli T za kumbukumbu pamoja na makrofaji zilizoitwa nazo. Kule kungoja siku mbili tatu ni muda wa seli hizo kukusanyika.

Aliyeitengeneza tuberkulini ni Robert Koch, yule yule aliyetangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amempata bakteria wa TB. Mwaka 1890 aliitangaza kuwa dawa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi, wakadungwa, na wengi wakapandwa na homa kali. Wengine hali zao zikawa mbaya zaidi, na wapo waliofariki. Leo tunaelewa kilichotokea. Mapafu ya wagonjwa wale yalikuwa yamejaa seli zenye kumbukumbu, na sindano ikaziamsha zote kwa pamoja, zikavimbisha sehemu zile zile zilizokuwa zimeharibika. Ilibidi waje Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1907 na Charles Mantoux wa Ufaransa mwaka 1908 ndipo kimiminika hicho kikapata kazi inayokifaa, kazi ya kupima. Mkasa wa Koch ulikwisha onyesha mapema kwamba kumbukumbu ya TB ina pande mbili.

Tuanze na upande wa faida, maana upo na si mdogo. Katika miaka ya 1920 daktari Johannes Heimbeck wa hospitali ya Ullevål, Oslo, aliwapima kwa tuberkulini wasichana waliokuja kusomea uuguzi. Karibu nusu walikuwa hasi. Wengi wao walitoka sehemu ambako TB ilikuwa haba. Wote waliingia wodi zile zile na kuwahudumia wagonjwa wale wale wa kifua. Mtu angetarajia wale chanya, waliokwisha ambukizwa, ndio waugue. Ikawa kinyume: waliougua kwa wingi ni wale waliokuja wakiwa hasi. Mwaka 2012 Jason Andrews na wenzake walikusanya tafiti za namna hiyo, nyingi zikiwa za kabla ya dawa za TB kugunduliwa, wakakokotoa kwamba aliyekwisha ambukizwa bila kuugua ana hatari ndogo kwa asilimia 79 ya kuugua akiambukizwa tena, ukimlinganisha na ambaye hajawahi kuambukizwa.

Oslo na Cape Town zinaonekana kupingana, lakini hazipingani. Wauguzi wa Oslo waliokuwa chanya walikuwa ni watu ambao miili yao ilikwisha kumdhibiti bakteria mara ya kwanza, na mwili ulioweza mara ya kwanza una nafasi nzuri ya kuweza mara ya pili. Watu wa Cape Town walikuwa wale ambao miili yao ilishindwa mara ya kwanza, wakaugua. Dawa iliwaua bakteria, lakini haikubadili kilichofanya mwili ushindwe. Juu ya hapo wamebaki na makovu mapafuni, na wamerudi kuishi nyumba zile zile, kwenye mtaa ule ule walikoambukizwa. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa, 5 hadi 10 ndio wataugua katika maisha yao, na wengi wa hao huugua ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Aliyepona TB ametoka katika kundi hilo dogo. Kumwambia kwamba ugonjwa umempa kinga, kama wengine wanavyomfariji, ni kumpoteza.

Sasa kumbukumbu hiyo inafanya nini kwa wale 90 na zaidi? Seli T za aina ya CD4 zikifika mapafuni hutoa kemikali za kuamrishana, hasa interferoni gama na TNF, zinazoipa makrofaji nguvu ya kumsaga bakteria ambaye ilishindwa kumsaga. Pasipowezekana kumaliza, seli hujikusanya kumzunguka na kutengeneza kinundu, ambacho wataalamu hukiita granuloma. Ndani yake bakteria hukosa hewa ya kutosha, hupunguza shughuli zake, wengine hufa. Kinundu kinahitaji kutunzwa kila siku. Tunalijua hilo kwa sababu tumeona kinachotokea mtunzaji anapoondolewa. VVU hupunguza CD4, na hatari ambayo kwa wengine ni ya maisha mazima, ile ya asilimia 5 hadi 10, kwa anayeishi na VVU bila ARV inaweza kuwa ya mwaka mmoja tu. Mwaka 2001 madaktari waliripoti wagonjwa 70 waliougua TB wakitumia infliximab, dawa ya baridi yabisi na ya uvimbe wa utumbo ambayo kazi yake ni kuinasa TNF. Wengi wao waliugua ndani ya miezi michache tu ya kuanza dawa. Na bakteria anaweza kungoja muda mrefu: kuna mgonjwa wa Denmark aliyeugua kutokana na bakteria waliofanana na wale waliochukuliwa kwa baba yake miaka 33 nyuma. Sampuli za zamani zilikuwa zimehifadhiwa, ndiyo maana iliwezekana kulinganisha.

Kliniki zetu zimezoea kuziita CD4 askari wa mwili, na kwa VVU mfano huo umesaidia mamilioni kuelewa kwa nini wanameza dawa. Kwa TB nauona unapotosha kidogo, kwa sababu humfanya mtu aamini kwamba askari wakiwa wengi zaidi na wakali zaidi ndivyo anavyokuwa salama zaidi. Sivyo.

Angalia mgonjwa anayeambukiza wenzake. Bakteria wa TB hawezi kutoka kwenye kinundu kilichofungwa. Ili asafiri kwenda kwa mtu mwingine, kinundu lazima kioze katikati, kiwe laini, kipasukie kwenye njia ya hewa na kuacha shimo ndani ya pafu, na humo bakteria huongezeka kwa wingi na kutoka na makohozi. Uharibifu huo kwa sehemu kubwa ni kazi ya kinga yenyewe, pamoja na vimeng'enya vinavyotolewa na seli zake. Mtu mwenye CD4 chache mno mara nyingi hana mashimo makubwa mapafuni, na makohozi yake huwa na bakteria wachache, ingawa anaweza kuwa mahututi. Kwa hiyo bakteria anaihitaji kumbukumbu ya mwenyeji wake.

Mwaka 2010 timu ya Iñaki Comas na Sebastien Gagneux ilitoa ushahidi ambao kwangu ndio muhimu kuliko wote katika mada hii. Walisoma vinasaba vya aina 21 za bakteria wa TB kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Vimelea wengi, kirusi cha mafua kikiwa mfano ulio wazi, hubadilisha zile sehemu za protini zao zinazotambuliwa na kinga ili wasikamatwe. Ungetegemea wa TB naye afanye hivyo. Walikuta zile sehemu ambazo seli T za binadamu huzitambua ndizo zilizobadilika kidogo kuliko zote. Maelfu ya miaka ameishi nasi, na sura yake anayoonyesha kwa seli T ameitunza ile ile. Maana iliyo karibu zaidi na ushahidi huo ni kwamba kutambuliwa kunamfaa.

Mwili nao una breki zake. Seli T zilizokaa karibu na bakteria kwa muda mrefu huota juu yake kidhibiti kiitwacho PD-1 kinachozipunguza kasi. Kwa muda wataalamu walifikiri breki hiyo ndiyo inayompa bakteria nafasi, na kwamba ikiondolewa seli zingemmaliza. Panya waliozalishwa bila PD-1 wakaambukizwa TB walikufa mapema kuliko wenzao, mapafu yakiwa yameungua kwa uvimbe. Kisha zikaja dawa za saratani zinazoizima PD-1, na madaktari wakaanza kuona wagonjwa wa saratani ambao TB imewaamkia. Kumbukumbu inayomdhibiti bakteria huyu bila kumuumiza mwenye mapafu ni ile iliyopimwa kwa kiasi, na kiasi hicho hatujui bado kukitengeneza kwa makusudi.

Kuna swali jingine ambalo majibu ya maabara hayalijibu, ingawa watu hudhani yanalijibu. Kipimo cha ngozi kikiwa chanya, je, bakteria yumo? Kipimo hakimtafuti bakteria. Kinauliza seli kama zinakumbuka. Marcel Behr, Paul Edelstein na Lalita Ramakrishnan waliandika mwaka 2019 kwamba kwa wengi bakteria huenda amekwisha kufa zamani na kilichobaki ni kumbukumbu. Hoja yao ina uzito. Watu waliomeza isoniazidi, dawa ya kujikinga na TB, hatari yao ya kuugua hushuka sana, lakini ngozi yao huendelea kuwa chanya kwa miaka. Na wenye kipimo chanya ambao kinga yao imeshuka kwa VVU au kwa dawa anazopewa aliyepandikizwa kiungo, walio wengi hawaugui TB. Ndiyo kusema ile robo ya watu duniani inayotajwa kuwa na maambukizi ya TB ni robo ya watu ambao miili yao inakumbuka. Wangapi kati yao bado wanamhifadhi bakteria aliye hai, hakuna kipimo cha leo kinachoweza kusema.

Chanjo ya BCG inasomeka vizuri zaidi ukiiweka kando ya haya yote. Albert Calmette na Camille Guérin walianza mwaka 1908 huko Lille, Ufaransa, kumlea bakteria wa TB ya ng'ombe kwenye viazi vilivyochemshwa kwa nyongo ya ng'ombe, wakimhamishia kwenye chakula kipya tena na tena, mara 230 kwa miaka 13, hadi akapoteza ukali wake. Miongoni mwa alivyovipoteza ni ile ESAT-6. Ndiyo maana vipimo vya damu vinavyouliza seli T kama zinaikumbuka ESAT-6 humtofautisha aliyeambukizwa na aliyechanjwa tu, jambo ambalo kipimo cha ngozi hukosea. Mtoto wa Tanzania huchanjwa BCG bega la kulia, wa Kenya mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na kovu dogo hubaki. Inamkinga vizuri dhidi ya TB ya utando wa ubongo na ile inayosambaa mwili mzima, mambo mawili yanayoua watoto wachanga haraka. Kwa TB ya mapafu ya watu wazima matokeo yamepishana mno: Uingereza majaribio yalionyesha kinga ya karibu asilimia 80, na kule Chingleput, India, hayakuonyesha kitu.

BCG ina faida nyingine ambayo Calmette hakuitarajia. Huzizoeza hata makrofaji na jamaa zake, seli ambazo vitabu vya zamani vilisema hazina kumbukumbu yoyote, zikawa nyepesi kupambana na vimelea vingine. Kikundi cha Mihai Netea cha Uholanzi kilionyesha hilo mwaka 2012, na utafiti wa Entebbe, Uganda, uliotoka mwaka 2021 ulikuta watoto waliochanjwa BCG mara tu walipozaliwa waliugua magonjwa mengine ya kuambukiza mara chache zaidi katika wiki 6 za mwanzo kuliko waliocheleweshewa.

Watafuta chanjo mpya wamejifunza kwa uchungu kwamba wingi wa seli T si kipimo cha kinga. Chanjo ya MVA85A iliziamsha seli hizo vizuri, ikapewa watoto katika jaribio la Afrika Kusini lililohusisha takribani watoto 2,800, na matokeo ya mwaka 2013 yakaonyesha haikuwaongezea ulinzi wa maana. Kwa nyani wa maabara, Robert Seder na wenzake waliripoti mwaka 2020 kwamba BCG ile ile ya zamani, ikipitishwa kwenye mshipa badala ya ngozi, iliwalinda 9 kati ya 10. Njia hiyo ilipanda seli za kumbukumbu ndani ya mapafu yenyewe, zikakaa huko, na bakteria alizikuta mlangoni badala ya kupewa zile wiki za kujijenga. Hakuna anayependekeza kuwadunga watoto BCG mshipani. Lakini mahali kumbukumbu inapoishi sasa panatazamwa kwa uzito sawa na wingi wake. Chanjo ya M72, iliyojaribiwa kwa watu wazima wa Kenya, Zambia na Afrika Kusini waliokuwa tayari na kumbukumbu ya TB, ilipunguza kuugua kwa karibu nusu katika miaka mitatu. Jaribio lake kubwa lilianza mwaka 2024, na Kenya imo.

Hadi chanjo hiyo ithibitike, anayeishi na mgonjwa wa TB, hasa mtoto wa chini ya miaka mitano na anayeishi na VVU, aulizie kituoni dawa za kinga. Nawe uliyewahi kuugua ukapona, usiuhesabu ugonjwa wa zamani kuwa kinga. Kikohozi kikifika wiki mbili, au homa za jioni na jasho la usiku zikirudi, au ukiona unakonda bila sababu, nenda ukapime makohozi, na mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba uliwahi kutumia dawa za TB, maana hilo hubadili namna atakavyokupima na dawa atakazokupa. Vipimo na matibabu ya TB katika vituo vya serikali, Tanzania na Kenya, hutolewa bila malipo.